Msitu Ulioshuka Mlima

Juu kidogo ya kambi ya Mandara, katika njia ya Marangu ya kupandia Mlima Kilimanjaro, msitu hukatika ghafla. Mtu huwa ametembea kwa saa kadhaa chini ya miti mirefu inayodondosha maji hata siku isiyo na mvua, kisha hujikuta mahali peupe penye upepo, ambapo Kibo na Mawenzi huonekana kwa pamoja iwapo mawingu yataruhusu. Wenzangu walitoa simu wapige picha za vilele. Mimi niliangalia mashina. Yalisimama pande zote mbili za njia, meupe, yasiyo na gome, yameinamia upande mmoja, na chini ya kila shina palikuwa na kichaka cha kijani kisichofika gotini.

Mpagazi mmoja, mtu mzima, alikuwa ametua mzigo karibu nasi. Nilimwamkia, tukazungumza habari za njia, na bila kuulizwa akasema kwamba alipoanza kazi hiyo walikuwa wakipita hapo kivulini. Kisha akanigeuzia swali.

"Wewe uliyesoma, mwanangu, hebu niambie. Mti huu umekufa, au unaota?"

"Unaota, mzee," nilimjibu, nikimwonyesha machipukizi.

"Haya," alisema, akacheka kidogo, akajitwisha mzigo wake na kuondoka.

Kicheko kile kilinikaa moyoni kwa majuma. Hakikuwa cha dharau. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo tayari, na ambaye alijua pia kwamba halitoshi.

Mti usiopigwa picha

Mashina yale yalikuwa ya erika, mmea wa familia moja na rododendroni wanaopamba bustani za Ulaya na Asia. Jenasi yake ina spishi zaidi ya 800, na sehemu kubwa mno ya hizo ziko Afrika Kusini, katika eneo la Rasi, ambako nyingi ni vichaka vya kimo cha goti au kiuno vyenye maua ya rangi za kila namna. Milimani kwetu ziko chache tu, lakini chache hizo zimefanya jambo ambalo jamaa zao wa Rasi hawalifanyi mara nyingi: zimekuwa miti. Palipo na unyevu wa kutosha na pasipofikwa na moto kwa muda mrefu, erika ya Kilimanjaro au ya Rwenzori hufikia mita 10, na matawi yake huning'iniza kuvumwani ndefu za kijivu, zile nyuzi laini zinazoota juu ya magome, hadi karibu na uso wa mpita njia.

Katika Kilimanjaro majina yanayotajwa zaidi ni matatu. Erica arborea, iliyopewa jina hilo na Linnaeus, mwanabotania wa Sweden, mwaka 1753, hutoa maua meupe madogo yenye umbo la kengele, tena kwa wingi unaoweza kufunika tawi zima. Erica excelsa na Erica trimera ni za kimya zaidi. Maua yao ni madogo na ya rangi hafifu, kwa sababu chavua yao hubebwa na upepo, na ua linalotegemea upepo halina haja ya kumrembea nyuki. Wala halimrembei mgeni. Anayelipa fedha nyingi kuja mlimani huja na picha za lobelia na senesio kubwa, mimea ya ajabu ya juu mlimani, kichwani, na ukanda mzima wa erika huupita akiuhesabu kuwa ni sehemu ya kutoka msituni kuelekea kwenye mambo yenyewe.

Nami nisingeutazama mara ya pili kama ungekuwa mzima.

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma, na jambo la kwanza lililonishangaza lilihusu kiko cha tumbaku. Erica arborea haikai Afrika ya Mashariki na Ethiopia pekee. Iko pia kandokando ya Bahari ya Mediterania, na utafiti wa nasaba yake uliochapishwa mwaka 2011 ulieleza kwamba ilienea kutoka Afrika kuelekea kaskazini-magharibi. Huko Ulaya, tangu karne ya 19, mafundi wamekuwa wakichimba fundo linaloota chini ya shina lake na kulichonga viko vya tumbaku. Mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa ulijipatia sifa kwa kazi hiyo. Hawachongi tawi wala shina. Wanalitaka fundo kwa sababu mbao yake ni ngumu na hustahimili moto unaowaka ndani yake siku baada ya siku.

Fundo hilohilo ndilo lililokuwa limeotesha machipukizi niliyomwonyesha yule mzee.

Kinachobaki ardhini

Moto unapopita juu ya erika, majani huungua hata yakiwa mabichi. Ni membamba na makavu kwa asili, na katikati yake hubaki vijiti vingi vilivyokufa ambavyo mti haukuvidondosha, hivyo kichaka kizima hushika kwa muda mfupi sana. Shina hukauka. Lakini chini, udongo ukiwa umelikinga, fundo hubaki na akiba yake ya wanga na macho mengi yaliyolala, na mvua zikinyesha macho hayo huamka. Kwa mmea wa aina hii kuungua si lazima kuwe mwisho.

Andreas Hemp na Erwin Beck, wanabotania waliofanya kazi katika Chuo Kikuu cha Bayreuth nchini Ujerumani, walichapisha mwaka 2001 uchunguzi juu ya Erica excelsa kama mti unaostahimili moto katika misitu ya Kilimanjaro. Walichokieleza kilinibadilishia picha yote. Mahali pengi ambapo Erica excelsa imesimama peke yake, shina kwa shina, pasipo mti mwingine mkubwa, si mahali ambapo msitu wa zamani umeponea. Ni mahali ambapo moto uliwaondoa podo, mti mkubwa wa msituni, na wenzake, na erika, iliyojua namna ya kurudi, ikachukua nafasi. Ukanda niliouona kuwa umeonewa na moto, kwa sehemu fulani umeumbwa na moto.

Nilitulia. Nilijiona nina jibu lililonyooka: mzee, mti huu unaota, na umekuwa ukiota hivi kabla babu zetu hawajauona. Hata tope lililojikusanya ndani ya kreta ya Maundi, mwendo mfupi tu kutoka Mandara, limetunza chavua za maelfu mengi ya miaka, na waliolichambua wameandika historia ya mimea na ya moto kwa pamoja, kwa kuwa huko mlimani hazitengani.

Ningeweza kuishia hapo, na kwa siku kadhaa niliishia hapo.

Mpaka unaoteremka

Kilichoniondolea utulivu huo ni makala nyingine ya Hemp, ya mwaka 2005, iliyochapishwa katika jarida la Global Change Biology. Sote tumezoea hoja kwamba dunia ikipata joto, mimea ya mlimani hupanda juu kuifuata baridi, na ile iliyoko kileleni hukosa pa kwenda. Hemp alilinganisha picha za setilaiti na kumbukumbu zake za miaka mingi ya kuutembea mlima, akaonyesha kwamba katika Kilimanjaro mambo yamekwenda kinyume. Tangu mwaka 1976 mpaka wa juu wa msitu umeteremka kwa mita mia kadhaa. Hali ya hewa imekuwa ya joto na kavu zaidi, ukavu umeleta mioto mingi na mikali zaidi, na mioto imeusukuma msitu chini kwa kasi ambayo joto halikuweza kuufidia kwa kuupandisha.

Msitu unaozungumzwa hapo kwa sehemu kubwa ni wa erika. Kulikuwa na erika za kimo cha miti karibu na mita 4,000. Palepale leo kuna vichaka, na palipoungua zaidi hata vichaka vimeachia nafasi mimea ya matumba meupe makavu, helikrisamu, iliyojibanza ardhini.

Nilirudi kwenye fundo na kuliuliza upya. Fundo lina akiba, na akiba ina kiasi. Kila mara mti unapoota upya huitumia, kisha huhitaji miaka ya majani kuirejesha. Moto ukirudi baada ya muda mrefu, hukuta akiba imejaa. Ukirudi mapema, hukuta nusu. Ukirudi tena na tena, hatimaye hukuta fundo lisilo na cha kutoa. Na hata pale ambapo fundo haliishiwi kabisa, mti haupati nafasi ya kurefuka. Hubaki katika utoto wake, ukichomwa kila unapokaribia kuwa mtu mzima.

Basi moto wenyewe haukuwa jibu la swali, wala fundo halikuwa. Kinachoamua ni urefu wa muda kati ya moto na moto, na muda huo hauonekani kwa kuangalia machipukizi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule mzee hakuwa ameniuliza habari za mti. Alisema kwamba walikuwa wakipita kivulini. Mti unaoota hadi gotini hauna kivuli. Kwa erika, kichaka ni uhai kamili: ina majani, itatoa maua, itatawanya mbegu zake zilizo laini kama vumbi. Kwa mtu anayepita na kwa maji yanayopaswa kushuka, kichaka hicho si msitu, na kukiita msitu kwa kuwa kiko hai ni kukwepa hoja.

Barafu wanayoililia, ukungu wasioujua

Niseme wazi kwamba sehemu hii inaniudhi.

Dunia inaijua Kilimanjaro kwa barafu yake, na huzuni yote imeelekezwa huko. Ni kweli inatoweka: kati ya mwaka 1912 na mwaka 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lililokuwa limefunikwa na barafu. Watu husafiri kutoka mbali wakisema wanataka kuiona kabla haijaisha. Lakini barafu iliyobaki ni ndogo mno, sehemu yake kubwa huyeyukia hewani moja kwa moja bila kuwa maji, na mchango wake katika mito ni mdogo. Hemp aliliandika jambo hili bila kuzunguka: kurudi chini kwa msitu kuna madhara makubwa kuliko kupotea kwa kile kifuniko cheupe kinachovutia macho.

Sababu ni ukungu. Katika mteremko wa kusini mvua huwa nyingi zaidi karibu na mita 2,200, na kutoka hapo hupungua kadiri mtu anavyopanda. Ukanda wa erika uko juu ya hapo, lakini uko ndani ya mawingu. Matone ya ukungu ni madogo kiasi kwamba hayaanguki. Hupita na upepo. Yakikuta uwanda wa nyasi fupi, hupita. Yakikuta mti wa mita 8 wenye majani membamba yasiyohesabika, na kila tawi limefunikwa na kuvumwani, hunaswa, hukusanyika, hudondoka, na udongo hunywa. Yale maji yanayomdondokea mpandaji siku isiyo na mvua ndiyo haya. Kadiri erika inavyokuwa fupi ndivyo wavu huo unavyopungua.

Kwa waliokulia Kibosho, Machame au Marangu sina haja ya kueleza maji hayo huenda wapi. Mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba, iliyochimbwa na wazee wetu haikutegemea barafu; ilichukua maji kwenye mito inayotoka msituni. Mito hiyohiyo huteremka hadi Pangani, ikapita Nyumba ya Mungu na kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani kabla ya kufika baharini. Mkulima wa mpunga wa huko chini anaweza kuishi maisha yake yote bila kulisikia jina la erika.

Nina mashaka kidogo na namna hii ya kuutetea mti kwa faida yake, kana kwamba usingekuwa na thamani kama usingetupatia maji. Lakini nimeona pia kwamba hoja ya uzuri tayari imechukuliwa na barafu, na erika haina picha ya kushindana nayo.

Nani aliwasha

Mwezi Oktoba mwaka 2020 moto ulianza katika eneo la Whona, kituo cha kupumzikia kati ya Mandara na kambi inayofuata ya Horombo, ukaendelea kwa siku kadhaa. Wanafunzi wa Chuo cha Mweka, kinachofundisha usimamizi wa wanyamapori, walikuwa miongoni mwa waliopanda kuuzima. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilitangaza kwamba ziliungua takriban kilomita za mraba 95, na taarifa za awali za serikali zilisema ulianza watu walipokuwa wakipasha chakula. Oktoba ya mwaka 2022 moto mwingine ulizuka karibu na kambi ya Karanga, upande wa kusini, na safari hiyo wanajeshi walitumwa kusaidia.

Miaka yote miwili ilikuwa Oktoba, yaani mwisho wa kiangazi kirefu, kabla ya vuli, wakati erika imekauka kuliko wakati wowote.

Kila moto ukitokea, vidole huelekezwa kwa wale wale: wapagazi na majiko yao, warina asali na moshi wao, wawindaji. Sisemi kwamba hawahusiki. Asali ya porini hurinwa kwa moto, na kijinga kimoja kilichosahauliwa kinatosha. Hata hivyo napata shida na hesabu inayoanza na kuishia kwa mtu mwenye kiberiti. Warina asali walikuwepo zamani, na wapagazi walipika kwa kuni mlimani kabla ya kuni kupigwa marufuku na majiko ya mafuta na ya gesi kuchukua nafasi yake. Kama cheche zilezile sasa zinaunguza maelfu ya hekta, basi kilichobadilika zaidi ni kinachopokea cheche. Mlima umekauka, na aliyesababisha ukavu huo kwa sehemu kubwa hajawahi kubeba mzigo katika njia ya Marangu.

Kuna jambo jingine ambalo nalitaja kama maoni yangu tu. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliokuwa nje ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa uliingizwa ndani yake. Ulinzi uliongezeka, na hilo lilihitajika, kwani ukataji ulikuwa umekithiri. Lakini mtu anayeingia msituni kwa kujificha hawezi kuwa wa kwanza kupiga simu anapoona moshi.

Wachungaji wa Bale

Nilipokuwa nadhani nimefika mwisho, nilikutana na habari za Milima ya Bale, kusini mwa Ethiopia, nikalazimika kuanza kufikiri upya.

Huko erika hizo hizo, Erica arborea na Erica trimera, hufunika miteremko mikubwa iliyo juu ya msitu wa Harenna. Wachungaji huzichoma kwa makusudi. Erika iliyozeeka hufungamana hadi ng'ombe hapenyi, na hujificha humo wanyama wakali. Iliyochomwa huota machipukizi laini ambayo mifugo huyala. Serikali ilipiga marufuku uchomaji huo, lakini haujakoma. Watafiti waliochunguza desturi hiyo walieleza jambo ambalo afisa wa misitu hafurahii kulisikia: kichaka kilichoungua karibuni hakishiki moto tena kwa miaka kadhaa, kwa hiyo mlima uliochomwa viraka viraka, kila kiraka kwa mwaka wake, hujizuia wenyewe kuungua wote kwa siku moja. Moto ukizuiwa kabisa na bado mtu mmoja akakosea wakati wa kiangazi kikali, hakuna kiraka kichanga cha kuukatisha.

Je, na sisi tuchome?

Nililipindua swali hilo kwa muda mrefu kuliko mengine yote, na kwa siku fulani nilielekea kusema ndiyo. Hoja ya viraka ina mantiki, na ina heshima kwa watu wanaoujua mlima wao. Kilichonirudisha nyuma ni kwamba mchungaji wa Bale anachoma ili apate kichaka kifupi. Kichaka kifupi ndicho lengo lake, na anakipata. Sisi hatuna ng'ombe katika mita 3,500. Tunachokihitaji huko ni mti mrefu wenye kuvumwani, na mti huo haupatikani kwa kuchomwa kwa zamu, hata zamu ipangwe vizuri namna gani. Desturi ni nzuri pale inapojibu haja iliyoizaa.

Kwa hiyo msimamo wangu umegawanyika kufuata kimo. Chini, ambako Erica excelsa iliingia baada ya podo kuungua, sioni haja ya kupanda miti wala ya kuwa na haraka. Pakikaa bila moto kwa muda wa kutosha, miti ya msitu huanza tena kivulini mwa erika yenyewe, na erika hupungua taratibu bila mtu kuisukuma. Juu, kati ya Mandara na Horombo na katika kimo kama hicho pande nyingine, kila mwaka unaopita bila moto una thamani kuliko mche wowote unaoweza kupandwa kwa sherehe. Fedha za sherehe hizo ningezihamishia kwa watu walioajiriwa kukaa juu huko Septemba na Oktoba wakitazama moshi tu, na ningeanza kuwatafuta miongoni mwa wapagazi, kwa sababu ndio wanaoweza kukuonyesha kwa kidole mahali palipoungua mwaka gani, na mahali ambapo palikuwa na kivuli.

Nusu ya waliosoma habari hizi pamoja nami hawakubaliani na hilo. Mmoja, ambaye amesomea misitu na ambaye namheshimu, anasema ninauota mlima wa mwaka 1976 ambao hali ya hewa ya leo haiwezi kuurudisha, na kwamba vichaka ndivyo tutakavyokuwa navyo tupende tusipende. Huenda hivyo ndivyo itakavyokuwa karibu na mita 4,000. Katika mita 3,000 sijakubali bado, kwa kuwa huko ukungu ungali unafika karibu kila alasiri, na mafundo yangali yanaota.